UZI: Gesi iko Mtwara na Lindi, kwanini mkulima wa Mbeya alilipia vita ya Ulaya?

Mkulima_Igurusi
Habari wakuu. Hili jambo linanikera toka 2022 na leo naliweka hapa, wenye uelewa msaidie. Tunaambiwa nchi ina gesi futi za ujazo trilioni 57 na kitu, Songo Songo iligunduliwa 1974, bomba la Mtwara kwenda Dar lilizinduliwa 2015. Sasa Urusi inaingia Ukraine Februari 2022, huko mbali kabisa, mfuko wa mbolea ya yurea hapa Igurusi unapanda mpaka majirani zangu wengine wakaacha kabisa kukuzia, mpunga ukawa wa njano shambani. Mtungi wa kupikia nao ukapanda. Nauliza hivi, gesi yetu kazi yake ni nini? Na sisi wa Nyanda za Juu tunaipata wapi, maana mimi sijawahi kuiona.

Kijana_wa_Soweto
Mkuu umeme wa taa yako hiyo ndo gesi yenyewe 😂 unaitumia kila siku alafu unasema hujaiona

Muuza_Mitungi_Kabwe
Mkulima tutenganishe vitu viwili kwanza maana hata wateja wangu wananilaumu kila siku eti "gesi ni yetu mbona ghali". Iliyo ndani ya mtungi wa kilo 6 au 15 sio ya Mtwara. Mtungi una LPG, yaani propani na butani, inakuja na meli kutoka nje, inashushiwa Dar au Tanga, inapakiwa kwenye malori inapanda Kitonga mpaka huku. Bei yake inafuata ile ambayo Saudi Aramco wanatangaza kila mwezi, juu yake weka meli, weka dola, weka zaidi ya kilomita 800 za barabara, weka wakala, ndo inafika Kabwe. Ya Mtwara ni methani. Hiyo huwezi kuiweka kwenye mtungi huu wa jikoni, inataka bomba au mtungi mzito wa mgandamizo mkubwa kama ule wa kwenye bajaji za Dar.

Mama_Lishe_Mafiati
Asante kwa maelezo kaka Muuza. Lakini swali langu liko palepale, wakati mnasafirisha hizo propani zenu sisi tunapikia maharage kwa mkaa wa Chunya ambao nao unazidi kupanda, gesi naiwasha kwa chai na chapati tu basi. Serikali imesema taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa, ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mi naunga mkono kwa moyo wote, macho yangu yanajua moshi ni nini. Ila kama kila mtungi unatoka nje, si tunahamisha tu mzigo kutoka msituni kwenda kwenye dola?

Mhandisi_Madimba
Dada umegusa penyewe. Niongezee kwa Muuza hapo juu, watu huwa wanauliza kwanini tusitengeneze LPG kutokana na gesi yetu. Nchi nyingine wanaitoa kwenye gesi yao ya asili maana gesi yao ni "tajiri", ina propani na butani nyingi ndani. Yetu ni kavu. Songo Songo na Mnazi Bay karibu yote ni methani, zaidi ya asilimia 95, ukiichuja hupati LPG ya maana. Kwa mitambo ya umeme ni gesi safi sana, kwa mtungi wa mama haina msaada mpaka bomba lifike mlangoni. Na bomba la majumbani limefika sehemu chache tu Dar, Mtwara na Lindi.

Mkulima_Igurusi
Sawa wakuu nimewaelewa kwenye mtungi. Na mbolea je? Hapo ndo penye maumivu yangu. Mtungi naweza kurudi kwenye kuni, ila mpunga bila yurea unavuna nini.

Mwl_Njombe
Kamwene wote. Mkulima, yurea ni gesi. Nafundisha kemia hivyo mnivumilie. Wanachukua methani wanatoa haidrojeni, wanaiunganisha na naitrojeni ya hewani inakuwa amonia, alafu amonia na kaboni dayoksaidi inakuwa yurea. Gharama kubwa kuliko zote ya kutengeneza amonia ni gesi yenyewe. Sasa bei ya gesi Ulaya, ile ya soko la Uholanzi wanaita TTF, miaka ya nyuma ilikuwa inazunguka kwenye yuro 20 hivi kwa megawati-saa, Agosti 2022 ikapita yuro 300. Viwanda vya mbolea huko vikapunguza uzalishaji, Yara walipunguza, BASF walipunguza. Mbolea ikawa haba dunia nzima na mfuko unaouona Igurusi unauzwa kwa bei ya dunia.
Ila nisahihishe kitu kimoja, haikuanza na vita. Bei ilianza kupanda 2021. Ulaya ilitoka baridini na maghala ya gesi yamepungua, Asia nayo inavuta meli za LNG, yaani gesi asilia iliyofanywa kimiminika, na Oktoba 2021 China ikabana mbolea yake isitoke nje. Vita ilikuta moto umeshawashwa.

Mzee_Tukuyu
Mwalimu umesema vyema. Na msisahau Urusi yenyewe ni muuzaji mkubwa wa mbolea, achilia mbali gesi. Kwa hiyo mkulima alipigwa pande mbili.
Lakini tuwe wakweli pia, tarehe 8 Agosti 2022 nilikuwepo Nane Nane viwanja vya John Mwakangale, Rais alizindua mbolea ya ruzuku palepale Mbeya, yurea ikashuka mpaka 70,000 mfuko. Iliokoa watu.

Mkulima_Igurusi
Shikamoo mzee. Ruzuku naishukuru, nilijiandikisha na niliipata, japo foleni kwa wakala ilikuwa ya kukesha na wakala mmoja alikuwa anasema mfumo umegoma kila akiona watu wamejaa. Ila mzee ruzuku ni hela ya serikali inayoenda kulipa bei ya Ulaya. Tungekuwa na kiwanda chetu kinachotumia gesi yetu si hiyo hela ingebaki?

Mzee_Tukuyu
Marahaba mwanangu. Kiwanda tulikuwa nacho, Tanga, miaka ya sabini. Kilikufa. Na hakikutumia gesi yetu, kilikuwa kinaletewa malighafi kwa meli. Baadaye umezungumzwa sana mradi wa mbolea wa Kilwa wa kutumia gesi ya Songo Songo, mpaka leo hatujanunua mfuko uliotoka huko.

Dereva_Tunduma_Mtwara
Mimi nitoe upande mwingine wa hiyo vita maana kila mtu analia tu. 2022 gesi ilivyopanda Ulaya wakarudi kwenye makaa ya mawe, alafu Agosti wakapiga marufuku makaa ya Urusi. Wakaanza kutafuta popote. Makaa ya Ngaka kule Mbinga yakaanza kutoka kwa kasi, malori mfululizo Songea, Tunduru, Masasi mpaka bandari ya Mtwara, bandari ambayo kabla ya hapo ilikuwa na msimu wa korosho tu. Nilikuwa nabeba mzigo wa Kongo kwa kupitia Tunduma, bosi akatuhamishia huko gari zote. Nyumba yangu ya Vwawa nimeipaua na hela hiyo. Kwahiyo Ulaya ikikosa gesi mkulima wa Igurusi analia na dereva anapaua, na wote tunaishi Nyanda za Juu.

Kijana_wa_Soweto
Na barabara ya Songea mkaiacha mashimo matupu 😂

Dereva_Tunduma_Mtwara
Hilo sibishi kijana.

Mchumi_Iringa
Wakuu nimesoma toka juu. Naomba niweke jambo moja ambalo naona linasahaulika, maana bila hilo hatutaelewana. Hakuna bei moja ya gesi duniani kama ilivyo kwa mafuta. Mafuta unapakia meli yoyote unaenda popote. Gesi kwa miaka mingi ilikuwa mateka wa bomba lake, Urusi na Ulaya, Marekani ndani kwa ndani. Kilichobadilisha ni LNG, unaipoza mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri inakuwa kimiminika, ujazo unapungua mara 600 hivi, unaibeba kwa meli. Marekani ilianza kusafirisha LNG kwa wingi 2016 pale Louisiana, kufika 2023 ikawa ya kwanza duniani kupita Qatar na Australia. Sasa Ulaya na Asia wanagombania meli zilezile za gesi. 2022 Ulaya ililipa zaidi, meli zikageuza kwenda huko, Pakistani wakakaa gizani.
Sasa sikilizeni hapa. Sisi hatukuwekwa gizani na bei ya gesi ya Ulaya. Kwanini? Kwa sababu gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay haina njia ya kutoka nje, inauzwa kwa mikataba ya ndani ya muda mrefu ambayo haiangalii TTF. Mitambo ya umeme ya Kinyerezi pale Dar iliendelea kutumia gesi kwa bei isiyofuata ya Ulaya na bei ya uniti ya TANESCO 2022 haikuguswa. Kwa hiyo Mkulima anayeuliza gesi inamsaidia nini, jibu ni kwamba ilimkinga kwenye umeme na haikuweza kumkinga kwenye mbolea. Kilichotoka nje kilikuja na bei ya nje.

Mkulima_Igurusi
Hili sijawahi kuelezwa hivi. Asante mkuu.
Sasa wanavyotaka kujenga kiwanda cha LNG Lindi tuanze kuuza nje, si ndo tutaunganishwa na hiyo TTF na sisi?

Mhandisi_Madimba
Swali zuri. Inategemea mkataba unatenga kiasi gani kwa matumizi ya ndani na kwa bei gani. Kumbukeni pia ni gesi mbili tofauti. Katika zile trilioni 57, zaidi ya 47 ziko bahari ya kina kirefu, vitalu namba 1, 2 na 4, Equinor na ExxonMobil upande mmoja, Shell na wenzake upande mwingine. Kuna sehemu maji yanapita mita 2,000, mpaka kilomita kama 100 kutoka pwani. Hiyo ndo ya mradi wa Likong'o pale Lindi, unaotajwa kwa dola bilioni 42. Tunayotumia leo ni ile ya nchi kavu na maji mafupi, kama trilioni 10. Hiyo haitaguswa na LNG.

Wakili_Forest
Dola bilioni 42 ambazo hazijaja. Naona watu wanazunguka, mimi niseme. Sheria za 2017 za rasilimali ndo zilisimamisha huo mradi. Bunge kupewa mamlaka ya kupitia upya mikataba, migogoro kuamuliwa ndani ya nchi, mwekezaji wa mradi wa miaka thelathini akaona bora asubiri. 2021 Equinor akaandika hasara karibu dola bilioni moja kwenye mahesabu yake kwa ajili ya mradi wa Tanzania. Juni 2022 ukasainiwa mkataba wa awali Dodoma, 2023 tukaambiwa mazungumzo yamekamilika, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza bado.

Mchumi_Iringa
Wakili napinga. Sheria zimechangia, sikatai, lakini gesi ya kina kirefu iligunduliwa kuanzia 2010, na 2014 bei ya mafuta ilianguka na bei ya LNG ikaanguka nayo maana mikataba mingi ya Asia imefungwa kwenye bei ya mafuta. Hapo sheria za 2017 hazijazaliwa na miradi mingi duniani ilisimama. Makampuni haya yana foleni ya miradi, wanaanza na ya bei rahisi. Qatar kuchota gesi ni rahisi mara nyingi kuliko sisi kwenye kina kile.

Wakili_Forest
Mbona Msumbiji bonde lilelile la Ruvuma, kina kirefu vilevile, meli-kiwanda yao ya Coral Sul ilianza kusafirisha LNG Novemba 2022? Jiolojia ni moja, bahari ni moja. Kilichotofautiana ni maamuzi.

Mchumi_Iringa
Na mradi wao mkubwa wa nchi kavu TotalEnergies waliusimamisha Aprili 2021 baada ya mji wa Palma kuvamiwa na wapiganaji. Watu walikufa, wengine walivuka mto kuja Mtwara. Usichukue meli moja ukaiita ushindi.

Mwl_Njombe
Naomba kuongea kama mtu aliyeishi Mtwara, nilipangiwa kazi huko kabla ya kuhamia Njombe. Mnaongea sheria na bei, 2013 watu wa Mtwara walipinga bomba kwenda Dar, Januari na tena Mei, kuna waliopoteza maisha. Waliahidiwa viwanda. Mtwara imepata saruji ya Dangote, imepata umeme wa gesi, lakini watoto niliowafundisha walikuwa wanasubiri kazi ambazo mpaka nahama sikuziona. Huku Nyanda za Juu tukiuliza "sisi tunapata nini" tukumbuke kuna watu wako juu ya visima vyenyewe na wanauliza hilohilo.

Mama_Lishe_Mafiati
Mwalimu umenigusa sana.

Msafwa_Halisi
Mnahangaika na gesi ya pwani wakati huku kwetu tuna za kwetu. Rukwa kuna heliamu, wanachimba upande wa Momba kule Itumbula, ilitangazwa 2016 dunia nzima ikashtuka. Na Rungwe pale Kyejo kuna gesi inatoka ardhini toka zamani.

Mzee_Tukuyu
Ya Kyejo ni kaboni dayoksaidi mwanangu, inaingia kwenye soda na bia. Hupikii hiyo, inazima moto. Heliamu nayo haiungui. Kama unataka nishati ya huku sema jotoardhi, Ngozi na Kiejo-Mbaka, moto uko chini ya miguu yetu.

Kijana_wa_Soweto
Jotoardhi tunaisikia toka nipo shule ya msingi

Msafwa_Halisi
Basi maji. Bwawa la Nyerere megawati 2,115, maji yanatoka Usangu huku kwetu. Ndo limepunguza kazi ya mitambo ya gesi, kabla ya hapo zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulikuwa gesi.

Mkulima_Igurusi
Usangu tunasingiziwa kila ukame eti tunamaliza maji ya Ruaha, leo ndo tunasifiwa 😂

Mhandisi_Madimba
Sehemu kubwa ya maji ya Rufiji inaletwa na Kilombero, zaidi ya nusu. Ruaha Mkuu inachangia sehemu ndogo. Ila Msafwa hajakosa sana, Mnyera na Ruhudji zinazoingia Kilombero zinaanzia Mufindi na Njombe.
Na hapo ndo penye hoja ambayo nataka watu waione. Umeme wa maji ukishika nafasi, gesi ya nchi kavu inabaki haina mteja mkubwa. Bomba la Mtwara linaweza kubeba futi milioni 784 kwa siku na halijawahi kukaribia kujaa. Mkopo wa China wa dola bilioni 1.2 ulijenga bomba ambalo bado lina nafasi. Huu ndo muda wa mbolea. Kiwanda cha yurea kinakula gesi kila siku mwaka mzima, hakiangalii mvua.

Mchumi_Iringa
Mhandisi tatizo la kiwanda cha mbolea ni bei ya gesi mlangoni. Mwekezaji anataka gesi ya bei ya chini ili ashindane na yurea ya Uarabuni ambako gesi ni karibu na bure, na mwenye kisima anataka bei inayorudisha gharama zake. Wakikutana katikati hakuna anayeridhika. Trinidad walijenga viwanda vya amonia vingi kwa gesi rahisi, visima vilipoanza kupungua viwanda vikaanza kufungwa. Misri walikuwa wanauza LNG, 2024 wakarudi kununua. Gesi inaisha.

Mama_Lishe_Mafiati
Na bomba kuja Mbeya? Lile la mafuta la TAZAMA linapita hapahapa toka 1968, kilomita 1,710 mpaka Ndola, milima yote limepita. Si wafukie la gesi pembeni yake?

Mhandisi_Madimba
Dada njia ipo na imeshatwaliwa, hilo ni jambo kubwa maana fidia ya ardhi ndo inaua miradi. Watu wanadhani Kitonga ndo kikwazo, gesi ni nyepesi kupandisha kuliko hata hiyo dizeli wanayosukuma TAZAMA toka 2023. Kikwazo ni nani atainunua njiani. Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, viwanda vya huku vimezoea makaa ya mawe ambayo yako jirani, na kulaza mabomba ya majumbani mtaa kwa mtaa ni gharama kubwa kwa matumizi madogo, sisi hatupashi nyumba joto kama Wazungu.

Mwl_Njombe
Njombe Julai tungepasha, tuleteeni tu.

Muuza_Mitungi_Kabwe
Mwalimu akipata bomba mimi nafunga duka 😂

Dereva_Tunduma_Mtwara
Si lazima bomba. Malori ya Dangote yanatembea na gesi iliyogandamizwa, nimeyaona. Weka kituo Mikumi, Mafinga na Uyole, malori yote ya Tunduma yatahama dizeli. Mnajua malori mangapi yanapita Igawa kwa siku? Mteja wenu wa gesi huyo hapo.

Mhandisi_Madimba
Hii hoja ya dereva naichukua kwa uzito. Malori ya barabara hii ni soko kuliko majiko yote ya Mbeya.

Wakili_Forest
Turudi kwenye suala la muda. Qatar inapanua kutoka tani milioni 77 kwa mwaka kwenda 126 na baadaye 142. Marekani nayo inaongeza. LNG itajaa sokoni, bei itashuka, na sisi ambao hatujaanza hata kuchimba msingi Lindi tutafika sokoni wanunuzi wameshafunga mikataba ya miaka ishirini. Kila mwaka unaopita bila saini ni hasara ya nchi.

Mkulima_Igurusi
Sasa wakili hapo ndo unanichanganya. LNG ikijaa na bei ikishuka, kwa maelezo ya mwalimu yurea nayo inashuka. Kwa hiyo kinachoua mradi wa Lindi ndo kinanipa mimi mbolea rahisi Igurusi?

Mchumi_Iringa
Kwa miaka michache, ndio. Wewe leo ni mnunuzi wa gesi ya dunia kupitia mfuko. Serikali inataka kuwa muuzaji. Mnavuta kamba pande tofauti.

Wakili_Forest
Sikubali. Mauzo ya Lindi yangelipa hiyo ruzuku bei ikipanda tena. Norway walifanya nini na hela ya gesi? Waliweka akiba.

Mkulima_Igurusi
Wakili, ya Norway weka pembeni. Niambie kwenye huo mkataba wa Likong'o mbolea imetajwa au haijatajwa? Gesi ya ndani itakayotengwa, kuna kiasi cha kiwanda cha yurea au ni umeme tu? Mwenye kujua aandike hapa, msimu unaanza Novemba.